Fundi Aliyekataa Kupunguziwa

Fundi huyu alikuwa na kanuni moja, akaishika miaka ishirini na mbili bila kuteleza: jambo alilolijua kwa kumpima mtu, hakulisema. Hakumwambia mume wake alipokuwa hai, hakumwambia mdogo wake, hakumwambia hata mwenye jambo. Na fundi wa nguo za kike hujua mengi. Futi yake ikishazunguka kiuno, imejua mimba kabla ya mama mkwe. Imejua nani amekonda kwa maradhi na nani kwa mawazo, nani amerudi kwa mume na nani ameacha kula. Wanawake walilijua hilo. Ndiyo maana walipita maduka matatu ya mafundi wenye mashine za umeme na vioo virefu, wakaenda kwake penye chumba kimoja, pazia la kubadilishia nguo, meza ya kukatia na cherehani mbili za kukanyaga.

Vipimo aliviandika kwenye daftari lenye jalada gumu, bila majina. Kila mteja alikuwa na alama yake aliyoichora kwa penseli juu ya ukurasa: kikombe, jani, sindano, mwavuli.

"Daftari likiibwa," alikuwa akisema, "mwizi atakuwa amejua kiuno cha kikombe."

Cherehani ya pili ilikuwa ya mwenzake, mama mmoja mnene mwenye ulimi mkali aliyefanya kazi ya mapindo, zipu na vifungo, hakati kitambaa hata kwa kulazimishwa. Wateja walimwita Mama Vifungo. Yeye alisema kwa niaba ya wote wawili, kwa hiyo chumba hakikuwa kimya, ila siri hazikutoka, maana Mama Vifungo hakuwa akipima mtu.

Kati ya wateja alikuwapo mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, duka kubwa la mabati, saruji na misumari mkabala na stendi. Alama yake ilikuwa ufunguo. Mara ya kwanza alileta kitambaa cha maua akataka gauni la mikono mifupi. Siku ya kuja kulijaribu akasema amebadili mawazo, anataka mikono mirefu. Fundi akampima mkono upya. Juu ya kiwiko ngozi ilikuwa nyeusi na kuvimba.

"Nimejigonga kwenye kabati," mteja akasema, ingawa hakuulizwa.

Fundi akaandika: mikono mirefu. Mara ya pili, miezi mitatu baadaye, ilikuwa mgongo. Mara ya tatu mteja akataka shingo iliyofunika, na fundi akaipima shingo ile kwa kuiacha futi ilegee kwa vidole viwili, ili isiguse palipouma. Akasema neno moja tu: "Geuka." Mteja akageuka. Kwenye kioo kidogo cha ukutani macho yao yakakutana, na fundi akainama kutafuta chaki ambayo haikuwa imeanguka.

Kabla mwezi haujaisha, mume alikuja mwenyewe na kitambaa cheupe cha bei kubwa. Alisema mkewe ameanguka kwenye ngazi. Mazishi ni kesho alasiri, nguo inatakiwa asubuhi.

"Vipimo unavyo," akasema.

Alikuwa navyo. Alifungua ukurasa wa ufunguo, akakata, akashona. Hakuna aliyemwagiza mtindo. Aliweka mikono mirefu na shingo iliyofunika.

Tangu juma lile mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzo ulitetemeka unaposhika mkasi tu, baadaye hata kijiko. Alichora mstari kwa chaki, mkasi ukaukimbia mstari. Aliharibu kitambaa cha mtu mara moja, akakinunua kingine kwa fedha yake na kusema cha kwanza kimeliwa na panya. Baada ya hapo vitambaa vilianza kulala kwenye rafu, kila kimoja na karatasi yake ya tarehe, mpaka vikafika kumi na kimoja.

"Fundi," Mama Vifungo alisema asubuhi moja akimtazama, "mkono huo ukiutia kwenye chai, sukari inajikoroga yenyewe. Nenda hospitali."

"Utapita wenyewe."

"Utapita uende wapi? Mimi nashona vifungo. Vifungo vinashonwa kwenye nguo. Nguo inakatwa na nani?"

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Fundi asiyekata si fundi tena, ni mwenye chumba cha kupangisha. Hakuwa na shamba, hakuwa na pensheni, na mikono yake ndiyo iliyomlea mdogo wake wa mwisho tangu mama yao alipofariki, ikamsomesha mpaka akawa karani wa shule. Mkono usipotulia, yote aliyojijengea yalikuwa yamekwisha.

Daktari wa hospitali ya serikali alimpima damu, sukari na mishipa. Akamwambia mkono hauna ugonjwa, akamuuliza kama kuna jambo linalomsumbua. Fundi akasema hakuna. Daktari, mtu mzima aliyekwisha kusikia "hakuna" nyingi, akaandika kwenye kipande cha karatasi namba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kitengo cha ushauri hapo hapo hospitalini: bure, ila foleni ni ya miezi mitatu, na benchi la kungojea liko kwenye ukumbi wa kliniki ya wajawazito. Nusu ya wateja wa fundi hupita ukumbi huo. Namba ya pili ilikuwa ya mshauri wa saikolojia wa binafsi. Ni ya kulipia, lakini nafasi ipo juma hilo hilo.

Ofisi ya mshauri ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Fundi aliipenda kwa sababu hiyo peke yake. Akionekana anapanda ngazi zile, amekwenda kupima macho.

Alifika na maswali aliyoyaandika kwenye karatasi ya kaki ya kuchorea mitindo ya nguo. Mshauri alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa miaka kama kumi, blauzi yake imeshonwa vibaya begani, bega la kushoto limepanda. Fundi aliliona bega kabla ya kuuona uso.

"Utanipima?" akauliza.

"Sipimi, mama. Nasikiliza. Nikiona unahitaji kupimwa na daktari au kupewa dawa nitakuambia na kukuelekeza, maana dawa mimi siandiki."

"Cheti chako kiko wapi?"

Mshauri akaelekeza ukutani, kisha akashusha fremu na kumpa aisome kwa karibu. Fundi akasoma mpaka muhuri.

"Kikao ni muda gani?"

"Saa moja. Yaani dakika hamsini."

"Saa yenu ina dakika hamsini? Mimi nikiuza mita yenye sentimita themanini na tatu nitafungwa."

Mshauri akacheka, naye ni mtu ambaye alitakiwa kuwa makini. Akaeleza kwamba dakika kumi ni za kuandika kumbukumbu na kumtoa mtu mmoja kabla mwingine hajaingia, wasikutane mlangoni.

"Unaandika nini? Nani anasoma?"

"Naandika machache ya kunikumbusha. Kabati lina ufunguo, ninao mimi. Sitamwambia mtu, isipokuwa nikiona unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, na hapo nitakuambia wewe kwanza."

"Jina langu unaliandika?"

"Naandika namba."

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole. Hilo alilielewa.

Aliendelea kushuka na maswali ya karatasi yake. Asipokuja je? Akitoa taarifa siku moja kabla, halipi, asipotoa, analipa. Ni mara ngapi? Mara moja kwa juma kwa kuanzia, na baada ya vikao sita watakaa waangalie kama kuna faida, kama hakuna mshauri mwenyewe atamwambia aache. Je, kuna malipo ya awali? Hakuna, analipa kila kikao kinapokwisha. Na akiona hampendi mshauri? Aseme, ataelekezwa kwa mwingine, hakuna kinyongo.

Kisha wakafika kwenye bei. Kikao kimoja kilikuwa sawa na ushonaji wa magauni mawili. Kwa fundi aliyekuwa hakati hata moja, hiyo ilikuwa bei ya mbali.

"Nina nafasi mbili za bei ya chini," mshauri akasema. "Kwa watu ambao kazi yao imesimama. Moja iko wazi. Ni nusu ya hiyo."

Fundi akakunja karatasi yake. Kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kupunguza bei wala kuomba apunguziwe. Aliwacheka wanawake wanaokaa sokoni nusu saa wakibishana na mwenye nyanya. Kupunguziwa, kwake, kulikuwa sawa na kitambaa kilichopauka kutupwa kwenye kapu la mlangoni.

"Nitalipa kamili."

"Basi tunaweza kukutana kila baada ya majuma mawili, mzigo upungue."

"Na vitambaa vya watu vingoje? Nitalipa kamili, kila juma. Nina mdogo wangu, atanisaidia."

Mshauri akasema jambo ambalo fundi angepaswa kuliandika kwenye ile karatasi yake. "Kabla hajatoa chochote, mwambie wazi: analipia muda, halipii maneno. Mpatane kabla. Watu wengi wema husahau hilo wakishalipa."

"Yule nimemlea mimi," fundi akajibu, akaona ametosheleza.

Hapa simtetei. Alikataa msaada wa mgeni aliyeweka masharti yake mezani, akachukua msaada wa ndugu ambaye hakuweka masharti yoyote, kwa sababu wa kwanza ulimwaibisha na wa pili haukumwaibisha. Aibu ndiyo iliyompangia namna ya kulipa.

Mdogo wake aliitwa Mziwanda tangu utotoni, na hata shuleni alikofanya kazi walimu walimwita hivyo. Alikuwa mwepesi wa kutoa na mwepesi wa kusema. Dada yake alipomweleza kwamba anahitaji kumwona mshauri kwa ajili ya mkono, hakumwacha amalize.

"Dada, hilo ni la kuuliza? Uniform yangu ya kwanza uliishona kwa koti la marehemu mama. Nipe namba ya huyo mtu, nitakuwa namtumia kwenye simu moja kwa moja. Wewe usishike hata senti."

"Nitakurudishia."

"Nirudishie nini? Ushanirudishia kabla sijakukopesha."

Walikumbatiana. Fundi alitaka kusema lile la muda na maneno, akaona litasikika kama tusi kwa mtu anayelia machozi ya furaha, akalimeza.

Basi kila Jumanne alipanda ngazi juu ya duka la miwani. Kikao cha kwanza alizungumzia bei za uzi. Cha pili alikaa kimya dakika thelathini, na mshauri akakaa kimya naye, hata fundi akashangaa kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kimya. Cha tatu akasema. Alisema yote: kabati, mgongo, shingo, chaki ambayo haikuanguka, kitambaa cheupe. Alisema kwamba mwanamke yule alikuwa akibadilisha mishono makusudi, kila mara akija na kipande kingine cha mwili, kama mtu anayegonga mlango chumba baada ya chumba, na kwamba yeye alikuwa ndani muda wote.

Mshauri hakumwambia hana kosa. Alimuuliza, "Yupo mtu anayestahili kulisikia jambo hili?"

"Ana binti. Muuguzi, yuko mji mwingine."

"Unataka kumwambia?"

"Nataka. Ila mkono utulie kwanza. Siwezi kukaa mbele yake huku natetemeka, ataona naigiza."

Kikao cha nne waliandaa pamoja maneno atakayosema. Na juma lile, mara ya kwanza baada ya miezi, mkasi ulifuata chaki kwa urefu wa mkono mzima kabla haujayumba. Mama Vifungo aliacha kukanyaga cherehani.

"Macho hayo yanayopimwa kila Jumanne," akasema, "naona yamefika mpaka vidoleni."

"Shona vifungo vyako."

"Nashona. Na miwani siioni. Sijauliza kitu."

Sasa Mziwanda. Kila Jumanne simu yake ilipokea ujumbe kwamba malipo yamefika, na ujumbe ule haukumwambia kitu kingine chochote. Baada ya malipo ya nne alimpigia mshauri kuuliza dada anaendeleaje. Mshauri akamjibu kwa adabu kwamba hawezi hata kuthibitisha nani anakuja kwake. Mziwanda aliona amepigwa kibao. Jumapili akaenda nyumbani kwa dada yake, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Yule mtu wako ana kiburi."

"Nani?"

"Mshauri. Nimemlipa mara nne, namuuliza swali moja ananiambia hanijui. Mimi ndiye nisiyejulikana? Dada, niambie tu ukweli. Unaumwa nini? Una jambo baya? Sitalala."

"Si ugonjwa, mdogo wangu."

"Basi ni nini? Mgeni anajua, mimi sijui. Mimi niliyekuwa nalala kwenye kapu la vipande vya nguo chini ya cherehani yako, sijui."

Fundi alimtazama akisugua sufuria isiyo na doa. Alihisi deni. Hilo ndilo neno alilolitumia baadaye. Hakuona upendo wala uchovu, aliona deni, na akaona kwamba njia pekee ya kulilipa ni kutoa kile alichonacho. Akavunja kanuni yake, pale jikoni, saa nne ya asubuhi. Alimweleza kila kitu, na mwisho akamshika mikono yenye povu.

"Binti yake hajui. Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu. Nipe majuma mawili tu. Usimwambie mtu."

"Dada! Mimi? Nimwambie nani mimi?"

Kikao cha tano kikalipwa kama kawaida.

Juma hilo hilo, mwalimu mmoja wa hesabu wa shule ya Mziwanda alikuja kwa fundi. Alikuwa ameleta kitambaa cha kijani zamani kidogo. Alisimama mlangoni asiingie.

"Nimeghairi tu, Fundi. Naomba kitambaa changu."

"Zimebaki siku tatu nikikate. Mkono umetulia."

"Najua. Nimefurahi." Mwalimu akatazama pazia. "Siyo kwamba sikuamini. Ila nimesikia una mahali unakwenda kusema. Sasa na mimi mwaka jana ulinipima wakati ule... unajua mwenyewe."

"Sijasema habari zako."

"Hata za marehemu hukuwa umezisema, mpaka ukazisema."

Alichukua kitambaa akaondoka. Alasiri wakaja wawili pamoja, mmoja akiongea na mwingine akitazama sakafu. Kesho yake mmoja alimtuma mwanawe. Kufikia Ijumaa vitambaa tisa vilikuwa vimetoka kwenye rafu. Viwili vilivyobaki, kimoja kilikuwa cha mteja aliyesafiri, na kingine cha Mama Vifungo.

"Changu hakitoki," Mama Vifungo akasema. "Miaka hii yote umekijua kiuno changu, na hata ukitangaza redioni hakuna atakayeamini namba ile." Fundi hakucheka. Mama Vifungo akashusha sauti. "Wanasema unapimwa akili, Fundi. Wanasema ni mdogo wako aliyesema, huko ofisi ya walimu. Nakuambia kwa sababu usipoambiwa na mimi utaambiwa na mwingine kwa furaha."

Fundi alivaa viatu akaenda shuleni kwa miguu. Mziwanda alikuwa ofisini akipiga muhuri fomu za wanafunzi.

"Umemwambia nani?"

"Dada, karibu kiti."

"Sikuja kukaa."

Muhuri ukapigwa fomu mbili zaidi. "Mwalimu mmoja tu. Na nilimwonya asimwambie mtu."

"Kama nilivyokuonya wewe."

"Si sawa!" Mziwanda akasimama, macho yamejaa. "Ulinitupia jambo la kifo, halafu ukaenda zako umepata nafuu. Wewe una mtu wa kumwambia, tena kwa fedha yangu. Mimi nimwambie nani? Nilikuwa nakaa hapa namwona mume wa marehemu anakuja kwenye kikao cha kamati ya shule, ananisalimu, nampa daftari la mahudhurio asaini. Nilikuwa napasuka."

"Ungekuja kwangu. Ungesema, dada, limenielemea."

"Na nililipa, dada. Vikao vitano. Sikustahili hata kujua?"

"Kujua nilikujulisha. Hukustahili kuuza."

"Sijauza! Sijapata hata senti!"

"Basi uligawa bure."

Mziwanda alikaa. Alichosema kuhusu mzigo kilikuwa kweli, na haifai kukificha kwa kumpendelea mkubwa: aliyepewa siri nzito alipewa bila kuandaliwa. Lakini alikuwa na njia ya kurudi kwa mwenye siri, hatua mia sita kutoka shuleni mpaka chumba cha cherehani, na hakuitembea. Alichagua meza ya chai ya walimu, ambako jambo zito linageuka tamu. Hakuna mzigo unaomlazimisha mtu kuchagua hivyo.

"Usinilipie tena," fundi akasema.

"Nani atakulipia?"

"Nitapunguziwa."

Jumatatu asubuhi binti wa marehemu akafika. Fundi hakuwahi kumwona, lakini alipoingia alimjua kwa mabega, yale yale ya ukurasa wa ufunguo. Mama Vifungo akachukua birika lake akatoka nje bila neno, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja likizo ya siku mbili kusafisha vyumba vya mama. Nimesimama kwenye foleni ya mkate. Mwanamke mbele yangu anamsimulia mwenzake jinsi mama yangu alivyokuwa na shingo nyeusi. Anasimulia kama habari ya mpira. Hakujua niko nyuma yake." Aliongea taratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulimpima mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na ile nyeupe?"

"Ile sikumpima. Baba yako alisema vipimo ninavyo."

Binti akashika ukingo wa meza ya kukatia. "Mimi ni muuguzi. Nafunga vidonda vya mama za watu. Mama yangu aliniambia kwenye simu kwamba anaongeza mikono ya magauni kwa sababu ya baridi. Nikamwambia vizuri, mama, jikinge." Akauachia ukingo wa meza. "Wewe ulikuwa na simu?"

"Nilikuwa nayo."

"Ungeweza kuniuliza tu kama kuna baridi huko."

Yale maneno ambayo fundi aliyaandaa na mshauri, mazuri, yaliyopangwa, yote yalikuwa ya mtu atakayekuwa wa kwanza kusema. Sasa alikuwa wa mwisho.

"Nilitaka nikuambie mwenyewe," akasema hatimaye. "Nilikuwa nangoja mkono utulie."

"Ukamwambia nani kwanza?"

"Mshauri. Yeye hakusema. Halafu mdogo wangu."

"Kwa nini mdogo wako?"

"Alikuwa ananilipia."

Binti akacheka mara moja, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Kwa hiyo mama yangu ndiye aliyekuwa malipo."

Fundi alitamani atukanwe.

"Naomba huo ukurasa," binti akasema.

Daftari lile halikuwahi kupoteza hata ukurasa mmoja. Fundi alilifungua penye ufunguo. Palikuwa na safu tatu za vipimo na tarehe zake, na pembeni, kwa mwandiko wake mdogo: mikono mirefu. Mgongo usibane. Shingo ifunike. Aliandika tena chini, kwa wino, jina kamili la mteja, jina lake mwenyewe, na alichokiona kila siku kati ya zile tatu. Ilichukua nusu saa. Binti alisimama muda wote.

Kisha fundi akachukua mkasi mkubwa, maana hakutaka kuuchana. Aliuweka ukurasa kwenye ukingo wa meza akaukata kutoka juu mpaka chini. Mkasi haukuyumba hata kidogo. Wote wawili waliona, na hakuna aliyesema kitu kuhusu hilo.

"Nikikuita useme haya mbele ya polisi, utasema?"

"Nitasema."

"Tutaona," binti akasema, akaukunja ukurasa mara moja, akautia kwenye mkoba wake na kutoka.

Kesho yake, Jumanne, fundi alipanda ngazi juu ya duka la miwani na kabla hajaketi aliuliza kama ile nafasi ya bei ya chini bado iko wazi. Ilikuwa wazi. Kikao cha sita alijilipia mwenyewe, nusu ya bei, ushonaji wa gauni moja la Mama Vifungo.

Mkono umepona. Umemgharimu wateja tisa, mdogo wake aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kulala kapuni, na haki ya kumwambia binti yule kabla hajasikia kwenye foleni ya mkate.